Tera Nne za Iro

Jumapili asubuhi nyumbani kwa Malam Habu huanza na ufagio. Talatu, binti yake wa miaka kumi na miwili, hufagia ua kuanzia mlango wa jikoni hadi langoni, kisha hunyunyiza maji ili vumbi litulie, kwa maana msimu wa upepo wa jangwani vumbi la Kano haliombi ruhusa kuingia ndani. Baada ya hapo hunawa, hunywa uji wa mtama wenye tangawizi, hula kosai, bajia za kunde za moto zinazotoka kwenye kikaango cha mama yake, halafu huenda kwenye kazi anayoipenda kuliko zote: kuipangusa kompyuta ya baba.

Malam Habu alikuwa mtengenezaji wa filamu. Alijua kumliza mwigizaji asiye na hamu ya kulia, na alijua ni saa ngapi jua humpendeza farasi mweupe. Lakini mbele ya kompyuta alikuwa kama mtoto wa chekechea. Mambo hayo alimwachia Sabi'u, kijana aliyekuwa akiziunganisha picha zake mpaka ziwe filamu. Sasa Sabi'u alikuwa amesafiri kwenda kumwoza ndugu yake katika kijiji kimoja cha Niger, mahali ambapo simu haipati mtandao hata ukipanda juu ya paa. Kabla ya kuondoka aliacha onyo moja.

"Baba, diski hii inalia," alisema, akimwekea Malam Habu kile kisanduku cheusi sikioni. "Sikia: tik, tik, tik. Inakaribia kufa. Nunua ya tera nne, kisha unakili kila kitu. Picha zetu ni giga elfu tatu mia sita na tisini. Tera nne inatosha."

Ndani ya diski ile ilikuwamo kazi ya kiangazi kizima: mbio za farasi, harusi ya kijijini, na nyimbo za bibi mmoja wa Daura ambaye alifariki dunia mwezi uliopita. Farasi wangeweza kukimbia tena. Bibi yule asingeimba tena.

Kwa hiyo Jumamosi Malam Habu alikwenda katika soko la simu akanunua diski mpya kwa kijana aitwaye Iro. Jumapili ile, Talatu aliichomeka kwenye kompyuta akasubiri. Alikuwa wa kwanza darasani katika somo la kompyuta kwa mihula miwili mfululizo, na jambo hilo hakuwaficha watu. Namba ilipotokea kwenye kioo, alikunja uso.

"Baba, uliomba tera ngapi?"

"Nne. Si imeandikwa hapo kwenye boksi?"

"Kwenye boksi ni nne. Ndani ni tatu nukta sita tatu."

Malam Habu aliinama akatazama. Hakuelewa kitu, ila alielewa kuwa tatu si nne. "Maana yake nini?"

Talatu alichukua kalamu. "Tera moja ni giga elfu moja. Tatu nukta sita tatu ni giga elfu tatu mia sita na thelathini. Umepunjwa giga mia tatu na sabini, Baba. Na filamu haiingii. Inazidi kwa giga sitini."

"Lakini Sabi'u alisema inatosha."

"Kaka Sabi'u alihesabu nne kamili. Hakujua utapunjwa."

Alipokuwa akisema hivyo, kitu kidogo kilimgusa moyoni. Siku moja darasani, Malama Asabe, mwalimu wao wa kompyuta, alitaja namba nyingine: elfu moja ishirini na nne. Siku ile Talatu alikuwa amemaliza kuandika mapema, akawa anamchora kuku pembeni mwa daftari. Namba ile ilikuwa na mkia mbaya. Elfu moja ilikuwa safi, rahisi kuzidisha. Akaachana na ule mkia.

Malam Habu alikuwa tayari amevaa kofia. "Twende," alisema.

Meza ya Iro ilikuwa pembeni mwa soko, kati ya muuza vifuniko vya simu na mwanamume mwingine aliyeuza diski pia. Iro alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza kwenye meza za watu, na ni mwaka huo tu alipopata ya kwake. Alimwona Malam Habu akasimama kumpokea kwa tabasamu.

"Karibu tena, Malam. Diski inafanyaje kazi?"

"Inafanya kazi ya wizi!" alijibu Malam Habu. Sauti yake ilizoea kuwaamuru wapanda farasi walio ng'ambo ya mashamba, na ndani ya soko ilivuma kama spika ya hotuba. "Umeniuzia tera nne, nimefika nyumbani nimekuta tatu na vipande! Zilizobaki umempelekea nani?"

Watu waligeuka. Wengine walisogea. Iro alishika ukingo wa meza.

"Malam, wallahi sijakupunja. Diski zote huonyesha hivyo. Ndivyo zilivyo."

"Zote? Basi nyote ni wezi!"

Muuza diski wa meza ya pili alikuwa amefungua mdomo kumtetea mwenzake. Aliposikia neno "nyote", aliufunga, akaanza kupanga upya nyaya zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Alhaji Tanko, mkuu wa soko, alifika akiwa ameshika tasbihi yake. Alikuwa mzee wa haki, lakini siku hizo alikuwa na hasira ya karibu. Majuzi tu walikuwa wamemfukuza mtu aliyeuza diski za bandia, zenye kipande cha chuma ndani ili zipate uzito, na jina la soko zima lilikuwa limechafuka.

"Nani aliyepima diski hii?" aliuliza.

"Binti yangu," alisema Malam Habu. "Wa kwanza darasani. Huyu hapa."

Macho yote yalimgeukia Talatu. Alhaji Tanko aliinama kidogo. "Binti yangu, kumwita mtu mwizi si jambo la mchezo. Una hakika?"

Namba yenye mkia ilipita tena kichwani mwa Talatu. Angeweza kusema, "Alhaji, ngoja kwanza nimuulize mwalimu." Lakini baba yake alikuwa amemwekea mkono begani, na watu walikuwa wakimtazama kama mtu mkubwa.

"Nina hakika, Alhaji."

"Iro, una la kueleza?"

"Najua tu kwamba ndivyo zilivyo, Alhaji," alisema Iro. "Kwa nini ziko hivyo, sijui kueleza."

"Basi funika meza yako. Jumanne kamati itakaa. Ukiwa huna maelezo, utatuachia soko letu."

Iro alikunjua turubai, akalivuta polepole juu ya bidhaa zake kama mtu anayefunika mgonjwa. Talatu alitazama pembeni.

Jioni ile, nyumbani, Malam Habu hakuacha kumsifu. "Mama Talatu, tumezaa askari wa giga! Bila huyu ningeibiwa nikashukuru!"

"Na hiyo diski inayolia?" aliuliza mama. "Si uanze kunakili?"

"Kwenye hii ya bandia? Inaweza kuimeza filamu yote. Kamati ikikaa Jumanne, nitapewa nyingine."

Kwenye meza, diski ya zamani ilikuwa ikilia: tik, tik. Talatu alikula vijiko viwili vya chakula akasema ameshiba.

Jumatatu shuleni, habari ilikuwa imemtangulia. Kabla kengele haijagongwa, Tanimu, mtani mkuu wa darasa, alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Jamani, ficheni kalamu zenu! Jummai akizigusa, wino utapungua!"

"Jummai, leo kaka yako amekata giga ngapi?" aliongeza mwingine.

Talatu aligeuka. Jummai, msichana mkimya wa dawati la nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo ndipo Talatu alipojua kwamba Iro alikuwa kaka yake Jummai. Walikuwa wamesoma darasa moja mwaka mzima bila kuulizana habari za nyumbani.

Jummai alisimama. Hakwenda kwa Tanimu. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Talatu.

"Ni wewe uliyepima?"

"Ni mimi."

"Ulipima ngapi?"

"Tatu nukta sita..."

"Siulizi hiyo. Nauliza ulipima diski ngapi?"

"Moja."

"Moja tu!" alisema Jummai. "Mtu akishuku mizani, si hupima tena kwenye mizani nyingine? Wewe ulipima diski moja ukasema kaka yangu mwizi. Hajala tangu jana. Mama anadhani anaumwa."

Malama Asabe aliingia akawakuta wamesimama hivyo. Kabla hajauliza, Jummai alimgeukia.

"Shikamoo, Malama. Tafadhali, flashi yako ni ya giga ngapi?"

"Marahaba. Sitini na nne. Kwa nini?"

"Uliinunua kwa kaka yangu?"

"Hapana, niliinunua Kaduna."

"Naomba uichomeke."

Malama Asabe alikuwa mwalimu aliyejua kutofautisha utundu na shida. Aliitoa flashi kwenye mkoba, akaichomeka kwenye kompyuta ya darasa, akaigeuza ili wote waone. Kwenye kioo palikuwa na namba hamsini na tisa nukta sita.

Darasa lilishangaa. "Eeh! Malama naye kaibiwa!" alisema Tanimu, na watu wakaangua kicheko. Talatu hakucheka.

"Sijaibiwa," alisema Malama Asabe, akiwa bado anatabasamu. "Haya niliyafundisha, lakini naona kuna watu walikuwa wakichora kuku. Tanimu, mama yako huuza mtama. Anapimia nini?"

"Bakuli, Malama."

"Chukua gunia moja la mtama, lipime kwa bakuli dogo. Tuseme umepata mabakuli mia. Lipime gunia lilelile kwa bakuli kubwa kidogo. Utapata ngapi?"

"Pungufu ya mia."

"Mtama umeibiwa?"

"Hapana, Malama. Bakuli ndilo limekua."

"Basi ndivyo ilivyo. Kiwandani wanahesabu kwa elfu moja. Baiti elfu ni kilo, kilo elfu ni mega, mega elfu ni giga, giga elfu ni tera. Kompyuta hii inahesabu kwa bakuli kubwa zaidi, kwa sababu yenyewe huzidisha kwa mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita, hivyo hivyo mpaka elfu moja ishirini na nne. Kila ngazi unayopanda, inagawa kwa namba hiyo. Vitu ni vilevile. Na balaa ni kwamba mabakuli yote mawili watu huyaita kwa jina moja."

Talatu alikuwa amekwisha kusimama. "Malama, naomba kikokotoo."

Aliandika ubaoni nne, akaifuatisha na sufuri kumi na mbili. Hizo ndizo baiti za tera nne kwa hesabu ya kiwandani. Akagawa kwa elfu moja ishirini na nne: zikawa kilo 3,906,250,000. Akagawa tena: mega 3,814,697 na ushee. Akagawa mara ya tatu: giga 3,725. Akagawa mara ya nne, na hata kabla ya kuandika alikuwa amekwisha kuiona: tatu nukta sita tatu.

"Ni ileile," alisema kwa sauti ndogo. "Diski ilikuwa nzima."

Kisha akaiangalia tena ile ngazi ya tatu. Giga elfu tatu mia saba ishirini na tano. Na filamu ya baba, kama Sabi'u alivyoisoma kwenye kompyuta, yaani kwa bakuli hilo hilo kubwa, ilikuwa giga elfu tatu mia sita na tisini. Yeye alikuwa amezidisha namba ya bakuli kubwa kwa elfu ya bakuli dogo, ndiyo maana akaona haitoshi.

"Inaingia," alisema. "Filamu inaingia! Inabaki nafasi ya giga thelathini na tano!"

Furaha ilimpanda kifuani kama pumzi ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Halafu akamwona Jummai.

"Kwa hiyo kaka yangu si mwizi," alisema Jummai.

"Si mwizi. Nisamehe, Jummai."

"Mimi nilijua tangu mwanzo. Usiniambie mimi. Kaseme sokoni."

Njia yote ya kurudi nyumbani, Talatu alijipangia maneno. Palikuwa na njia nyepesi. Angeweza kusema tu, "Baba, nimepata njia ya kuifanya filamu iingie," na baba angempongeza tena. Habari ya Iro ingejimaliza yenyewe mbele ya kamati, au isijimalize. Alipofika langoni alisikia vicheko. Waigizaji wawili walikuwa wamemtembelea baba yake, wanakunywa fura ya mtama na maziwa, na Malam Habu alikuwa katikati ya hadithi.

"Huyo amekuja! Askari wangu wa giga! Hebu waambie ulivyomkamata yule tapeli."

Talatu alisimama na mkoba mgongoni. "Baba, si tapeli," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Vicheko vilikatika. Wageni walitazamana, mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana safari, na mwenzake akamfuata. Talatu alieleza yote, kuanzia bakuli mpaka mgawanyo wa mara ya nne.

"Na kuna lingine," alisema Talatu. Hili lilikuwa zito zaidi. "Jana Alhaji aliponiuliza kama nina hakika, nilikuwa na shaka. Nilikumbuka kwamba Malama aliwahi kutaja namba nyingine. Nilisema nina hakika kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Malam Habu alivua kofia yake akaishika magotini. "Nilimwita mtoto wa watu mwizi mbele ya soko zima," alisema polepole. "Na mimi sikupima chochote. Nilichopima ni hasira yangu tu." Akasimama. "Filamu kwanza, kabla hiyo haijakata roho. Halafu wewe na mimi tuna safari."

Talatu alizichomeka diski zote mbili akaanza kunakili. Ule mstari wa kijani kwenye kioo ulisogea kidogo, ukasimama. Tik, tik, tik. Malam Habu aliushika ukingo wa kiti. Mstari ukasogea tena.

"Nendeni," alisema mama, akivuta kigoda. "Nitakaa nayo mimi. Ikitaka kufa, haitakufa peke yake."

Walifika sokoni jua likiwa limeanza kuinama. Turubai lilikuwa bado limefunika meza ya Iro. Mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Alipowaona alisimama, lakini safari hii hakutabasamu.

Malam Habu alituma mtu amwite Alhaji Tanko. Mzee alipofika, Talatu alieleza yote mbiombio. Watu walikusanyika.

"Rudia polepole," alisema Alhaji Tanko. "Mimi nilianza na kaseti. Kaseti ya dakika sitini ilikuwa dakika sitini, basi."

Talatu alirudia. Akatumia bakuli na mtama. Alhaji akaanza kutikisa kichwa kukubali, kisha akaelekeza tasbihi kwenye meza ya pili. "Wewe nawe unauza hizi. Chomeka moja tuone. Ya tera moja."

Yule muuza diski alitoa mpya kwenye boksi akaichomeka kwenye kompyuta yake. Hakuhitaji hata kusubiri. "Itaonyesha giga mia tisa thelathini na moja, Alhaji," alisema akiwa ameangalia chini. "Huwa hivyo siku zote."

Ilionyesha mia tisa thelathini na moja.

"Jana ulikuwa wapi na maneno hayo?"

"Nilikuwepo, Alhaji."

Soko liliangua kicheko, na yule bwana mwenyewe akajicheka kwa aibu. Alhaji Tanko hakucheka. Alimgeukia Iro. "Mwanangu, nilikufunikia meza bila kupima diski ya pili. Hilo ni kosa langu. Fungua."

Malam Habu alisogea mbele. "Iro, nakuomba radhi," alisema kwa sauti ya chini, ya kiungwana.

Iro hakuligusa turubai. "Malam, nimekusikia," alisema. "Lakini jana ulisema kwa sauti gani?"

Malam Habu alimtazama, akaelewa. Alipanda juu ya ile ndoo iliyopinduliwa. Akavuta pumzi kama anayewaita wapanda farasi walio mbali.

"Enyi watu wa soko! Jana mimi Habu nilisema Iro ni mwizi! Leo nasema nilikosea! Iro ni mwaminifu, tera zake ni nne kamili, na mwenye kutaka diski aje kwenye meza hii!"

Sauti ilifika mpaka kwa wauza matunda wa ng'ambo ya barabara. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. Iro alilivuta turubai kwa mkupuo mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukakunjuka.

Talatu alimkaribia. "Kaka Iro, nilikuwa na shaka jana nikaificha. Nisamehe."

"Ulinitoa jasho, binti," alisema Iro. Akaupangusa mkono wake kwenye kanzu, akampa. "Yamekwisha. Hebu niambie, ile ya zamani inaendeleaje?"

"Inalia. Inasimama, halafu inaendelea."

"Imepata moto. Iwekeeni feni iipulize moja kwa moja, na mtu asiiguse wala kuisogeza mpaka imalize. Kimbieni."

Nyumbani walimkuta mama ameganda mbele ya kioo. Mstari ulikuwa umesimama kwa muda mrefu kuliko mara zote. Malam Habu alibeba feni ya chumbani akaielekeza kwenye kisanduku cheusi. Wote watatu walisimama wakiutazama. Kisha, taratibu, mstari ukaanza kutambaa.

Alfajiri, baada ya sala, Talatu alikimbilia kompyuta. Kazi ilikuwa imekwisha. Nafasi iliyobaki: giga thelathini na tano. Malam Habu alifungua faili moja baada ya jingine. Farasi walikimbia, bibi arusi alijifunika uso, na yule bibi wa Daura akaimba, sauti yake safi kama siku ile walipomrekodi. Mama aliacha kikaango jikoni akaja kusikiliza mlangoni.

Malam Habu aliizima diski ya zamani, akaiwasha tena ili aone. Haikulia hata mara moja. Ilikuwa imekufa.

Alikaa chini pale pale sakafuni, akashusha pumzi ndefu, akacheka kicheko cha mtu aliyenusurika kuteleza. Kisha akamwita Talatu akae karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosea hesabu hakumshushi mtu hadhi. Mimi hukosea kila siku, ndiyo maana tunarudia kupiga picha. Ubaya unaanza pale unapokuwa na shaka ukaificha ili uonekane unajua, kwa sababu hapo kosa lako linakwenda kubebwa na mtu mwingine. Siku nyingine ukiulizwa kama una hakika na huna, sema huna. Na mimi, kabla sijapaza sauti, nitapima kwanza. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, Baba."

"Jana, pale mbele ya wageni wangu, ulikuwa na njia ya kunyamaza, na hukunyamaza. Kwa hilo nakushukuru. Ungenyamaza, tungekuwa tumepoteza filamu, na Iro angekuwa amepoteza meza yake. Haya, nenda kanawe uso, shule inakusubiri."

Talatu aliinuka. Harufu ya kosai ilikuwa imejaa ua mzima, na ndipo alipogundua kwamba tumbo linamnguruma. Tangu Jumapili hakuwa amekula akashiba. Alichota bakuli la uji, akajaza sahani, akala mpaka mama yake akamwambia awaachie wengine.